Je, Ndilo Lenyewe? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magari ya Kale Adimu

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu mkubwa ameniachia gari aina ya BMW 2002 la mwaka 1974, lenye usukani wa kushoto na rangi nyekundu. Tangu utotoni tumekuwa tukiambiwa kwamba gari hilo ni 2002 turbo, mojawapo ya yale 1,672 tu yaliyoundwa. Hata hivyo, kadi ya gari imeandikwa "2002" bila neno turbo, na injini iliyomo sasa ni ya kawaida. Kaka zangu, watoto wa marehemu, wanasema mzee hakuwa mtu wa kudanganya. Fundi wangu anasema nimerithi gari la kawaida lililopachikwa mapambo. Nianzie wapi kuutafuta ukweli?

JIBU: Ndugu msomaji, pokea kwanza pole zetu kwa msiba. Kaka zako na fundi wako wote wametoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi mkuu, naye ni namba ya chesisi. Nakushauri uanzie hapo, na hadithi ya mzee uiweke pembeni kwa heshima mpaka namba iwe imesema.

Lakini ili uielewe namba hiyo, inafaa ujue gari lenyewe lilipitia nini. BMW ililionyesha 2002 turbo mjini Frankfurt mwezi Septemba mwaka 1973, likiwa na injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 1,990 na nguvu farasi 170, wakati ambapo magari ya barabarani yenye tabo (ndiyo hiyo turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini ili iongeze nguvu) yalikuwa nadra mno. Wiki chache baadaye vita vya Oktoba katika Mashariki ya Kati vikaleta uhaba wa mafuta, gari lenye kiu ya petroli likakosa wanunuzi, na kufikia mwaka 1975 uundaji wake ulikuwa umekoma. Ndiyo maana yako machache. Ndiyo maana pia kukosekana kwa tabo katika gari lako hakuthibitishi chochote: mwenye gari aliyechoshwa na vipuri ghali angeweza kabisa kuing'oa injini ile na kuweka ya kawaida ili gari litembee. Kadhalika, neno "2002" kwenye kadi si ushahidi wa kutosha, kwa sababu karani aliyejaza kadi aliandika alichokiona au alichoambiwa. Kwa upande wa pili, spoila ya mbele, vipanuzi vya madigadi na maandishi ya ubavuni ni vitu vinavyonunulika, na yapo magari mengi ya kawaida yaliyovishwa vazi hilo. Usukani wa kushoto unakuruhusu kuendelea na uchunguzi, kwa kuwa turbo zote ziliundwa hivyo, lakini haukupi zaidi ya hapo.

Sasa namba. Magari ya BMW ya familia hiyo yalikuwa na namba ya chesisi ya tarakimu saba, na za turbo huanza na 429. Usitosheke na kibati cha utambulisho, maana kibati hushikwa kwa riveti, na riveti hutobolewa kwa dakika mbili. Itafute namba iliyogongwa kwenye bati la bodi ndani ya chumba cha injini. Isafishe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa mafuta ya taa, na usikubali mtu aiguse kwa msasa wala brashi ya waya, kwa kuwa mkwaruzo wa leo utaonekana kesho kama jaribio la kughushi. Ikishakauka, weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli laini kwa ubavu mpaka tarakimu zijitokeze. Kisha zima taa, washa tochi ukiilaza karibu na bati ili mwanga upite kwa upande, na upige picha. Vivuli vitakuonyesha kina cha kila tarakimu. Namba zilizogongwa kiwandani kwa kawaida hufanana kwa umbo na nafasi, hata kama hazijanyooka sana.

Niliwahi kuitwa kulitazama gari la aina nyingine ambalo mwenyewe alikuwa ameshakubaliana bei na mnunuzi. Namba ilikuwa sahihi kwa kila kitabu. Nilipopitisha penseli, tarakimu mbili za mwisho zilitoka nzito kuliko nyingine, na nilipopapasa kwa kidole nikahisi bati limebonyea kidogo chini yake, mahali palipokuwa pamesagwa. Mwenye gari hakujua lolote. Alikuwa ameuziwa hivyo. Uso wake siku ile bado ninauona, na tangu hapo sijawahi kumwambia mtu kwamba gari lake ni halisi kwa kutazama picha.

Angalia pia namba ya bloku. Katika zama hizo BMW ilikuwa na desturi ya kugonga namba ileile ya chesisi kwenye bloku ya injini, kwa hiyo ya kwenu bila shaka itatofautiana, na tofauti hiyo haina ubaya maadamu unajua kwamba injini imebadilishwa. Uliza ukoo mzima kama injini ya zamani haikuachwa katika ghala au gereji fulani. Injini za namna hiyo hukaa chini ya turubai miaka arobaini bila mtu kujua thamani yake.

Jambo linalonivutia zaidi katika barua yako ni rangi. Turbo kwa kawaida zilitolewa kiwandani kwa rangi mbili, nyeupe iliyoitwa Chamonix na ya fedha iliyoitwa Polaris, hivyo kama gari lako ni lenyewe, yaelekea wekundu huo ulikuja baadaye. Fundi wa rangi hufanya kazi pale ambapo jicho la mteja litafika. Kwa hiyo wewe nenda mahali jicho lake halikufika: chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, ndani ya mlango baada ya kutoa ubao wake, na chini ya mpira unaozunguka mdomo wa buti. Ukikuta nyeupe au fedha huko, moyo una haki ya kwenda mbio kidogo. Ukikuta rangi nyingine ya tatu, jiandae. Ukiwa hapohapo, tazama ndani ya matao ya magurudumu, kwa sababu katika turbo bati la madigadi lilikatwa chini ya vile vipanuzi; kipanuzi kilichofungwa juu ya bati zima ambalo halijakatwa ni dalili mbaya.

Baada ya hayo yote, andikia idara ya BMW Group Classic mjini Munich, ambayo inatunza hifadhi ya nyaraka za kiwanda, ukiambatanisha namba, picha na nakala ya kadi inayoonyesha kwamba gari ni lako. Kwa gari ambalo kumbukumbu zake zipo, hupata tarehe lilipoundwa, tarehe lilipotoka, wakala au mwagizaji aliyepelekewa, na rangi ya awali. Hawatakutajia watu waliolimiliki. Sehemu hiyo ya historia ni kazi yako, na utaipata katika risiti, vitabu vya matengenezo na picha za familia. Nenda na picha hizo kwa wazee, uwaulize maswali yaliyo wazi. "Gari lilikuwa na rangi gani lilipokuja?" ni swali, "Lilikuwa jeupe, sivyo?" ni kumtia mzee maneno mdomoni, naye kwa upole wake atakubali.

Na ikiwa namba itasema kwamba ni 2002 ya kawaida, tafadhali waambie kaka zako hivyo bila kumdhalilisha marehemu. Inawezekana kabisa yeye mwenyewe aliuziwa hadithi hiyo na akaipokea kwa nia njema. Unachopaswa kujizuia kukifanya ni kuipeleka hadithi hiyo kwa mnunuzi.

SWALI: Mheshimiwa, nafuatilia Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973. Andiko moja linasema yaliundwa magari 500, jingine 1,580, na la tatu linataja 200. Nani mkweli? M. S.

JIBU: Wote watatu wana namba ya kweli, ila kila mmoja amehesabu kitu chake. Kampuni ilihitaji magari 500 ili gari likubaliwe kushindana katika Kundi la 4, na hiyo ndiyo idadi iliyopangwa. Lilipoonyeshwa Paris mwezi Oktoba mwaka 1972, maagizo yalimiminika kupita matarajio, na jumla ikafikia 1,580. Kati ya hayo, 200 yalikuwa mepesi, yaliyopunguziwa starehe na kupewa msimbo M471, na 1,308 yalikuwa ya safari, yenye msimbo M472. Yaliyobaki 72 yalihusu mashindano na upimaji wa kukubaliwa.

Kwa hiyo ukikutana na idadi yoyote ya toleo maalumu, uliza kwanza: ni idadi iliyopangwa, iliyoundwa, iliyouzwa, au iliyosalia? Ford Capri 280, toleo la mwisho la Capri, lilikusudiwa kuwa magari 500 lakini yakaundwa 1,038. Mfano unaoniuma zaidi ni wa Jaguar XKSS. Lilikuwa gari la mashindano lililogeuzwa kuwa la barabarani, na mpango ulikuwa magari 25. Usiku wa tarehe 12 Februari 1957 moto ulizuka katika kiwanda cha Browns Lane, Coventry, ukateketeza tisa, yakabaki 16. Kisha mwaka 2016 kampuni ikatangaza kwamba itaunda upya hayo tisa. Mtu akikuuliza leo XKSS ni mangapi, jibu la uaminifu lina sentensi zaidi ya moja.

Usijaribu pia kupata idadi kwa kutoa namba ya kwanza ya chesisi kutoka ya mwisho. Viwanda viliruka namba, na wakati mwingine vilichanganya matoleo katika mfululizo mmoja. Na kile kibati cha dashibodini kinachotaja namba ya gari kati ya jumla fulani ni pambo mpaka nyaraka zikiunge mkono.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Dodge Challenger la 1970 ambalo aliyeniuzia alisema ni T/A. Nimekiandikia kiwanda barua mbili kuomba nyaraka na sijajibiwa. Fundi wa viti anataka kuanza kazi wiki ijayo. Je, kuna njia nyingine ya kujua? Dada N.

JIBU: Dada yangu, mwambie fundi wa viti asubiri, nami nitaeleza kwa nini.

Kwa bahati njema gari lako ni katika yale ambayo namba yenyewe inatoboa siri. Challenger T/A liliundwa kwa mwaka mmoja tu, 1970, magari 2,399, ili Dodge iweze kushiriki mashindano ya Trans-Am. Namba yake huanza na JH23J0B, na herufi ya tano, ile J ya pili, ndiyo inayotaja injini: ni ile ya inchi za ujazo 340 yenye kabureta tatu, ambayo kwa Challenger za mwaka huo iliwekwa katika T/A peke yake. Ukikuta herufi nyingine mahali hapo, mazungumzo yameisha. Isome kwenye dashibodi upande wa dereva kupitia kioo cha mbele, kisha uilinganishe na kile kibati chenye misimbo kilichofungwa kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto, chini ya boneti.

Wapo wanaofikiri kwamba kiwanda kisipojibu basi historia imekufa, na hilo si kweli. Kumbukumbu nyingi zimehamia kwingine: za magari mengi ya Uingereza kama Austin, Morris, MG na Triumph zinatunzwa katika jumba la makumbusho la British Motor Museum huko Gaydon, na takwimu za Ford za Marekani kuanzia mwaka 1967 hutolewa na Marti Auto Works kwa leseni ya Ford yenyewe. Klabu za wapenzi wa aina fulani nazo huweka rejista za magari yaliyosalia, na mara nyingi mtunza rejista anajua zaidi kuliko ofisi yoyote. Mwandikie barua fupi yenye namba na picha, na umweleze unachokijua kabla ya kumwomba asichompa bure kila mtu.

Turudi kwa viti. Katika viwanda vya Chrysler, kila gari lilisafiri kwenye mstari wa uundaji pamoja na karatasi iliyoorodhesha kila kitu kilichotakiwa kufungwa: injini, giabosi, rangi, kitambaa, redio. Kazi ilipokwisha, wafanyakazi mara nyingi waliiacha ndani ya gari, na pahali ilipopatikana sana ni kwenye springi za kiti cha nyuma, au juu ya tangi la mafuta. Fundi anayevua kitambaa cha zamani kwa haraka huiona kama takataka iliyokauka, rangi ya chai, imeliwa kingo na panya, akaitupa pamoja na sifongo.

Kaa naye siku ya kufungua. Karatasi ikionekana, ipige picha ikiwa bado mahali pake, kata springi badala ya kuivuta karatasi, na usiikunjue kwa nguvu. Ilaze kati ya karatasi mbili safi chini ya kitabu kizito kwa siku kadhaa ikiwa imekunjamana, na usiweke utepe wa kunata hata kama imechanika. Tafuta juu yake namba ya chesisi. Wafanyakazi waliokuwa na haraka wakati mwingine waliacha karatasi ya gari jirani, kwa hiyo isome namba yote mpaka tarakimu ya mwisho kabla hujamwita mtu kumwonyesha.