Mama hatulii tangu aongezewe dozi

SWALI: Mama yangu ana miaka 78 na ana dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Alianza donepezili, dawa ya ugonjwa huo, ya miligramu 5 bila shida. Wiki tatu zilizopita daktari alimpandishia hadi 10. Sasa usiku hakukaliki: anaamka saa nane, anakunja na kukunjua shuka lilelile, anasema kuna watu wanamsubiri mlangoni. Kaka yangu anasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda, nizoee. Mimi nataka kuiacha hiyo dawa.

JIBU: Pole mdogo wangu. Mimi ni mfamasia, na marehemu baba yangu alimeza vidonge hivyohivyo.

Kaka yako huenda hajakosea, ila mama alikuwa akilala vizuri kabla ya kupandishiwa dozi. Hapo mimi naishuku dawa kwanza. Donepezili huongeza kemikali iitwayo asetilikolini kwenye ubongo. Hiyo ndiyo husaidia kumbukumbu, na hiyohiyo humfukuzia mtu usingizi, ikampa ndoto kali na mahangaiko. Hao watu wa mlangoni wanaweza kuwa ndoto iliyoamka naye.

Anameza saa ngapi? Kidonge hiki kwa kawaida huandikiwa usiku. Baba alikuwa akiota anafukuzwa, anaamka anatafuta viatu. Daktari alipomhamishia asubuhi, baada ya siku kadhaa akaanza kulala. Muulize daktari wenu kuhusu hilo. Lisiposaidia, anaweza kumrudisha kwenye 5, lakini usitegemee nafuu kesho yake. Dawa hii huchukua kama wiki mbili kutoka mwilini.

Kuiacha wewe mwenyewe, hapana. Wapo ambao hali huporomoka. Lakini akizimia, au mapigo ya moyo yakiwa ya polepole mno, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Mkague pia mkojo na choo. Mzee asiyeweza kusema "panauma" huzunguka nyumba nzima. Na kama mlimpa dawa ya mafua yenye klofeniramini, itaje: huwachanganya wazee, tena huvutana na donepezili. Daktari akitaka kumwandikia haloperidoli ya kumtuliza, asikie kwanza habari ya dozi, maana hiyo nayo inaweza kumfanya mtu ashindwe kukaa kitako.

Andika kwa siku saba saa anayomeza na saa anazoamka, uende na karatasi hiyo. Na kaka yako usibishane naye. Mpe zamu ya usiku mbili, aandike yeye.