Uzi wa dhahabu unanikatikia: ninunue upi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Tanga, na huu ni mwaka wa sita nadarizi mshono wa msalaba. Uzi wa pamba haunisumbui. Kinachonishinda ni dhahabu. Dada yangu aliyeko Muscat ameniletea chati ya dele la kahawa na vikombe vyake, niidarizi kwenye Aida ya 14, kile kitambaa cha vijumba, iwe zawadi ya harusi ya mdogo wetu. Dele lote ni la kung'aa. Nimehesabu misalaba 1,800. Chati inataka uzi wa Kreinik wa kusukwa namba 4, rangi 002, ambao hapa sijauona. Nikanunua kicha kimoja cha uzi wa dhahabu wa kampuni ya DMC, namba E3852. Unachanguka, unachomoka kwenye sindano, na haumalizi misalaba kumi kabla haujakatika. Muuza duka ananishauri nichukue rili ya dhahabu ya cherehani, eti ni rahisi na ni kitu kilekile. Halafu shangazi amenipa kibunda cha zari, ule uzi wa dhahabu wa majoho, kilichobaki siku joho la marehemu babu liliposhonwa. Nitumie upi? Na kazi hii itafulika?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Mkono wako hauna kosa. Umeuendesha uzi wa dhahabu kama unavyouendesha wa pamba, na hizo ni tabia mbili mbalimbali.

Uzi wa pamba ni pamba mpaka ndani. Uzi wa kung'aa wa dukani siku hizi, kwa sehemu kubwa, ni utando wa plastiki ya poliesta uliopigwa mvuke wa alumini, ukatiwa rangi, ukachanwa kuwa utepe mwembamba sana, kisha ukazungushiwa moyo wa uzi mwingine. Kinachong'aa ni utepe wa nje. Kinachobeba nguvu ni moyo wa ndani. Utepe ukikwaruzwa hufunguka kama ukili uliolegea, moyo ukabaki uchi, na baada ya hapo ni suala la dakika tu.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Aida ya 14 ina vijumba 14 kwa inchi, kila kijumba milimita 1.8. Msalaba mmoja, ukijumlisha mbele na nyuma, unakula karibu milimita 9 za uzi na unapita matundu manne. Ukikata uzi wa mita 1, ukaacha sentimita 10 za kuanzia na kumalizia, unapata misalaba 100. Maana yake kipande cha uzi kilicho karibu na sindano kimesuguliwa na kitambaa mara 400 kabla hujamaliza. Ukikata sentimita 40 unapata misalaba 33, na msuguano unashuka mpaka mara 130 hivi. Pamba inavumilia 400. Utepe wa plastiki hauvumilii. Basi usikate zaidi ya sentimita 40, na hata 35 si aibu.

Ndiyo maana mimi nikishika uzi wowote wa kung'aa huanza kuuliza: huu utapita tunduni, au utalala juu ya kitambaa? Rangi naitazama baadaye. Nyuzi ulizonitajia zinagawanyika hapo hapo.

Tuanze na hiyo E3852 uliyokwisha kuinunua. Ni ya kundi linaloitwa Light Effects, kicha cha mita 8 chenye nyuzi sita. Katika nyuzi zote za dhahabu nilizofundishia, hii ndiyo inayowaliza wanafunzi, kwa sababu ni ngumu kama waya, na zile nyuzi sita hazipendani. Lakini kukatika kabla ya misalaba kumi hakutoki kwenye kitambaa. Kunatoka kwenye jicho la sindano. Nadhani umetia nyuzi mbili pamoja kwenye sindano ileile ya pamba, pengine namba 26, na kila ukivuta uzi unatambaa jichoni, unarudi, unatambaa tena. Hapo ndipo unaposagika.

Dawa yake ni hii. Chukua sindano butu namba 24, au hata 22. Kumbuka namba ikipungua sindano inakuwa nene. Tundu litapanuka kidogo na uzi utapita bila kugombana. Chomoa uzi mmoja tu kutoka kwenye kicha, peke yake, taratibu. Ukunje katikati, pitisha ile pindo ndani ya jicho, kisha irudishe juu ya ncha ya sindano uivute mpaka ikaze nyuma ya jicho. Hapo uzi umejifunga, hauchomoki wala hautambai, na mikia miwili inayoning'inia ndiyo nyuzi zako mbili. Hapa tu unaruhusiwa kukata sentimita 70 hivi, kwa sababu ukikunja inabaki 35. Ukiwa bado mkorofi, upitishe kwenye sponji yenye unyevu, usiloweke. Unalegea na kunyooka.

Halafu mwendo. Najua wengi tunadarizi kwa kuchota, sindano inaingia na kutoka kwa mkupuo mmoja kama unayepiga bandi. Kwa dhahabu acha. Choma chini, vuta mpaka mwisho, choma juu, vuta mpaka mwisho, kitambaa kikiwa kimekazwa kwenye fremu. Usivute mpaka ukakaza. Uache uzi ukae. Kila baada ya misalaba michache iachie sindano ining'inie, uzi ujisokotoe wenyewe urudi hali yake.

Baada ya kusema hayo yote, dele zima la misalaba 1,800 mimi nisingelifanya kwa Light Effects. Ungeuliza kabla ya kununua ningekuambia Diamant, ya DMC haohao. Inakuja kwenye rili ya mita 35, imesokotwa nyuzi tatu pamoja na haigawanywi; unatumia kama ilivyo, uzi mmoja, na kwenye Aida ya 14 unafunika vizuri. Ni laini mkononi kuliko kile kicha kwa mbali sana. Rangi zina namba za kindugu: D3821 ni dhahabu nyepesi, D3852 ni iliyokolea. Dele la shaba lililosuguliwa kwa ndimu na majivu lina zote mbili, kwa hiyo ningedarizi mwili kwa D3821, na kicha chako cha E3852 nikakitia kwenye kivuli cha tumbo na chini ya mdomo. Hivyo pesa yako haijapotea.

Huo wa Kreinik ni uzi mzuri, sikatai. Umesukwa, haukuzungushiwa tu, ndiyo maana haufunguki upesi, na namba 4 imekusudiwa hasa Aida ya 14 mpaka 18. Kama dada yako anaweza kuupata kwa urahisi, basi aulete. Ila mwambie idadi mapema. Misalaba 1,800 kwa milimita 9 ni mita 16. Ongeza vile vipande unavyoacha kila unapoanza na kumaliza, unafika mita 22. Rili moja ya namba 4 ni mita 11. Mbili zitakufikisha ukingoni pasipo hata msalaba mmoja wa kufumua, na hakuna anayedarizi dhahabu bila kufumua. Aagize tatu. Kwa Diamant rili moja inatosha na chenji inabaki. Ukishajua kiasi, nunua zote siku moja: dhahabu ya mwezi ujao inaweza kuja na wekundu ambao ya mwezi huu haina, na juu ya dele hutaweza kuuficha.

Muuza duka hakukudanganya kabisa kuhusu rili ya cherehani. Alikosea tu aliposema ni kitu kilekile. Uzi ule ni mwembamba mno. Peke yake juu ya Aida ya 14 utaona weupe wa kitambaa katikati ya kila msalaba. Lakini uweke pamoja na nyuzi mbili za pamba ya rangi ya haradali, 3821 ya kawaida ya DMC kwa mfano, utapata mng'ao wa chini chini, wa dele ambalo halijasuguliwa tangu Iddi iliyopita. Kwa vikombe au kwa sinia ni pazuri. Angalia tu kwamba pamba inanyumbuka na dhahabu hainyumbuki, kwa hiyo nyuzi zikienda pamoja ya dhahabu itajikunja vitanzi juu ya kazi. Zilaze sambamba kwa kidole kabla ya kumaliza kila mshono.

Na rili rahisi ipime kabla ya kuilipia. Kata kipande, kibane kati ya kucha mbili uvute mara tano au sita. Kikibaki uzi mweupe na vumbi la dhahabu kwenye kucha, mrudishie mwenyewe. Nyumbani pitisha kingine kwenye kipande cha Aida mara hamsini, kisha kilowanishe kwa maji ya sabuni ukibonye juu ya kitambaa cheupe, uone kama kinaacha rangi.

Kama fedha ni kidogo, kuna hila ya zamani. Mkono wa kwanza wa msalaba, ule wa chini, udarizi kwa pamba ya haradali. Mkono wa juu udarizi kwa dhahabu. Unatumia nusu ya uzi wa dhahabu, na weupe hauchungulii. Mng'ao unapungua kidogo, mimi naupenda hivyo. Sharti moja: mikono ya juu yote ielekee upande mmoja. Kwenye pamba ukikosea mmoja hakuna anayejua. Kwenye dhahabu mwanga utaushitaki.

Sasa zari ya babu. Hapa nimefurahi, maana watu wengi huzitupa. Kwanza ijue ni ipi. Kata kipande cha sentimita 3, kishike kwa koleo la nyusi, kichome juu ya sahani. Ikijikunja na kuyeyuka kuwa kijitone kigumu, ni plastiki kama hizo nyingine. Moyo ukiungua na kubaki kijiwaya kilichozungushwa, hiyo ni madini: waya wa fedha au shaba uliopakwa dhahabu, ukafuliwa bapa na kuzungushiwa uzi. Moyo ukinuka kama nywele zilizoungua, ni hariri. Sumaku usihangaike nayo, haishiki dhahabu, fedha wala shaba.

Ikiwa ni madini, usiipitishe tunduni hata mara moja. Hii ni ya kulala juu. Mipaka ya dhahabu ya mabushuti, yale majoho ya Kiarabu, unaifahamu. Ndiyo ileile dunia nzima iliyoiulizia baada ya Lionel Messi kuvishwa bushuti baada ya fainali ya Kombe la Dunia pale Lusail, Qatar, tarehe 18 Desemba 2022, na kwetu mwambao bwana harusi anaivaa bila kupigwa picha na mtu yeyote wa magazeti. Kwenye kola za joho nilizofunzwa, tuliilaza dhahabu juu ya kitambaa, nyuzi mbili kando kwa kando, na uzi mwingine mwembamba wa manjano uliopakwa nta ya nyuki ukaja kuzifunga kwa mishono midogo, kila baada ya milimita 3 hivi. Mstari unaofuata vile vifungo vinaangukia katikati ya vile vya kwanza, kama matofali. Ncha zinaachwa ndefu, na kazi ikimalizika zinazamishwa nyuma kwa sindano nene na kushikizwa huko.

Wewe ifanye hivyo kuzunguka dele, kwenye mkono wake na kwenye ule mdomo uliopinda. Aida peke yake ni laini kwa uzito huo. Shikiza kipande cha marekani nyuma kabla hujaanza. Usijaribu kujaza dele zima kwa zari: itashindana na misalaba, na kibunda hakitatosha.

Kufua kunategemea jibu lilelile la tunduni au juu. Hizi za plastiki zinafulika kwa mkono, maji ya baridi na sabuni laini, bila kukamua na bila jiki. Pasi ndiyo adui wao mkubwa, kwani moto mkali unaunyausha ule utando na mng'ao haurudi. Ilaze kazi kifudifudi juu ya taulo, weka kitambaa juu, pasi ya moto mdogo. Zari ya madini haioni maji wala pasi. Kwa hiyo panga kazi hivi: pamba yote kwanza, ufue kama imechafuka, upige pasi, ndipo Diamant, na zari iwe ya mwisho kabisa, fremu ikiwa imekwishakaa mahali ambapo haitaiponda.

Hicho kibunda kwa sasa kitoe kwenye mfuko wa plastiki na, kama kimefungwa kwa rababendi, ikate leo hii. Mpira una salfa inayoisawijisha fedha. Kizungushe ndani ya kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa bila manukato. Na picha ikiisha itiwe fremu yenye kioo kisichogusa uzi, isitundikwe dirisha linalopigwa na upepo wa bahari. Mkumbushe na bwana harusi.