Maswali ya Wasomaji: Dashibodi Mezani, Dereva Kwenye Simuleta

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Tumetengeneza kengele ya kumwonya dereva anapovuka kilomita 80 kwa saa, na hatutaki kuijaribu barabarani tukiwa na abiria. Tuna simuleta ya kompyuta, usukani, pedeli na dashibodi ya gari lililokatwa. Tukiwasha, dashibodi inajaa taa za hitilafu na mshale wa spidi haunyanyuki. Tunakosea wapi? (Mwanafunzi wa umeme wa magari, Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Yaelekea dashibodi ni nzima, ila inasubiri habari ambazo hakuna anayezituma. Garini, kontroo boksi za injini, breki na mifuko ya hewa hutumiana ujumbe kwa mtandao uitwao CAN, wa waya mbili zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L, na ujumbe mwingi hurudiwa kila milisekunde 10, 20 au 100. Boksi moja ikinyamaza, taa inawaka. Kwa hiyo kompyuta yenu iigize gari lote lililobaki, si spidi peke yake.

Anzeni na waya. Umeme ukiwa umezimwa, pimeni kati ya CAN-H na CAN-L: multimita isome karibu ohmu 60, kwa kuwa kila mwisho wa waya hizo huwa na resista ya ohmu 120. Ikisoma 120, resista ya mwisho mmoja imebaki kwenye gari lililokatwa. Fungeni nyingine ya ohmu 120. Umeme utoke kwenye pawasapulai tulivu ya volti 12 yenye fyuzi. Chaja ya betri haifai, volti zake hupandashuka. Negativu zote, pamoja na ya adapta ya CAN (kifaa kinachounganisha kompyuta na waya hizo), ziungane.

Kisha tafuteni gari zima la aina hiyohiyo, mrekodi ujumbe wake kwenye soketi ya kupimia: pini ya 6 ni CAN-H, ya 14 ni CAN-L. Magari mengi mapya huzuia ujumbe wa ndani usifike kwenye soketi. Hapo chukueni waya nyuma ya dashibodi. Ujumbe mwingi hubeba namba inayopanda kila unapotumwa, na hesabu ya kuhakiki (namba inayokokotolewa kutokana na ujumbe wenyewe ili kuonyesha haukuharibika). Mkibadilisha spidi bila kukokotoa upya hesabu hiyo, dashibodi inautupa ujumbe mzima, na mshale unabaki chini.

Kabla ya kumkalisha dereva yeyote, pimeni ucheleweshaji wa mitambo yenu. Hili tunalisisitiza kuliko yote. Rekodini pedeli na skrini pamoja kwa simu inayopiga fremu 240 kwa sekunde, mhesabu fremu tangu mguu ukanyage mpaka picha ibadilike. Fremu 24 ni milisekunde 100. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari limeshakwenda mita 2.2. Bila kipimo hicho mtamlaumu dereva kwa uzito wa kompyuta.

Nusu ya madereva waanze na kengele, nusu bila kengele, kisha wabadilishane, maana kila mtu huendesha vizuri zaidi mara ya pili. Wekeni pia sauti ya injini, muziki na konda anayegonga bodi kwa ukubwa uleule uliopimwa ndani ya daladala. Kengele inayosikika vizuri darasani inaweza kumezwa kabisa ikifika Buzuruga.

SWALI: Hiace yetu ya zamani haina CAN. Spidi tuiigize vipi? (Fundi, Igogo)

JIBU: Magari mengi ya Kijapani ya zamani hutoa mapigo 4 ya umeme kwa kila mzunguko wa sensa ya spidi, na mizunguko 637 kwa kilomita, yaani mapigo 2,548. Kilomita 80 kwa saa ni mapigo 56.6 kwa sekunde. Sensa nyingi za aina hiyo huvuta waya hadi negativu. Fanyeni vivyo hivyo kwa transista, msisukume volti 5 moja kwa moja.

SWALI: Madereva wetu wanapata kichefuchefu. Kwa nini? (Mkufunzi wa udereva, Igoma)

JIBU: Macho yanaona mwendo ambao masikio ya ndani hayausikii. Dakika 5 za mwanzo ziwe za barabara iliyonyooka, bila raundabauti wala breki za ghafla. Washeni feni. Kipindi kisizidi dakika 15, na dereva akianza tu kutoka jasho, simamisheni. Apumzike angalau nusu saa kabla ya kushika usukani wa kweli au kupanda pikipiki yake.