Anza na mlango, ubao baadaye
Mwalimu mwenzangu, umeuliza utafundishaje duara na pembe bila watoto kusinzia. Hapa Lamu mimi huwatoa nje kwanza, tukatazame milango ya nakshi ya Mji wa Kale. Kila mtoto huchagua ua moja na kulinakili kwa penseli. Tukirudi darasani wanashika bikari: chora duara, kisha bila kubadili upana wa bikari, itembeze ukingoni. Inaingia mara 6 kamili! Hapo huuliza wenyewe kwa nini, na ndipo unawaonyesha pembetatu 6 za pande sawa zinazokutana katikati ya duara, nyuzi 60 kila pembe. Usiiharakishe hatua hiyo, wallahi ndiyo somo lenyewe. Ukimpata fundi wa nakshi akubali kuja na patasi zake, mwite. Rangi ngojeni mpaka vipimo vikae sawa.