Jibu: Mwalimu mpya andalio safi, darasani anaganda

Salaam mwalimu mwenzangu. Umesema hapo Chemba umepokea mwalimu wa ajira mpya, maandalio yake ya somo hayana kasoro, ila ukiingia kumtazama anaganda na watoto wa darasa la pili hawasomi.

Kwanza angalia amefikia wapi. Mgeni asiye na chumba, na fedha ya kujikimu hajaiona, hana masikio ya mbinu za kufundishia. Sisi huku Bahi huanzia hapo.

Kisha acha kukaa nyuma na daftari. Aje yeye kwanza akuone ukifundisha, halafu ingia kwake kama msaidizi, na mkitoka zungumzieni jambo moja tu. Wa kwetu alikuwa akiuliza "mmeelewa?", darasa zima linaitikia "ndiyooo!" Tukabadilisha: anatamka silabi, kila mtoto anaiandika na kuinua daftari. Siku hiyohiyo akawaona walioandika "ba" badala ya "da", akaanza kuwafuata mmoja mmoja. Uso wake ulibadilika kabisa.

Mlezi wake, yaani mwalimu mzoefu wa kumwongoza, asiwe mwalimu mkuu. Kuna miezi 12 ya majaribio kazini. Nani atamweleza udhaifu wake mtu anayemtathmini? Na kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) msiishie kusoma moduli, mpeni nafasi alete tatizo la wiki hiyo.

Nazungumzia shule za msingi, wa sekondari watakujazia. Kama walimu ni wachache, mwombe Afisa Elimu Kata awaunganishe na shule jirani.