Dawa ya chupa haipunguzi kaboni ya meli

Swali: Mhandisi, hujambo? Ofisi yetu iko Industrial Area, Nairobi, na tuna meli mbili ndogo za mizigo zinazotoka Mombasa kwenda Zanzibar na Komoro. Mteja wetu wa Ulaya anataka tupunguze kaboni na tumpe takwimu. Muuzaji mmoja ametuletea dawa ya kuchanganya kwenye dizeli. Anasema inapunguza kaboni kwa asilimia 40, na kweli moshi umepungua. Mwingine anatuuzia biodizeli, yaani dizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyotumika, kwa bei nafuu. Tuanze na ipi?

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Chupa iwekeni kando. Swali hili huniletwa kila mara, linalobadilika ni jina la dawa tu.

Moshi mliouona si kaboni dioksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ule weusi ni masizi, yaani mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Yakiungua vizuri, kaboni ileile hutoka ikiwa gesi msiyoiona. Kwa hiyo bomba linaweza kuwa safi kabisa na kaboni dioksidi ikawa vilevile, au hata ikaongezeka kidogo. Mapafu ya mabaharia yatashukuru, lakini takwimu anazotaka mteja hazijaguswa.

Tani moja ya dizeli ya meli ikiungua hutoa takriban tani 3.2 za kaboni dioksidi. Watu huniuliza tani moja inazaaje tatu. Ni kwa sababu kila gramu 12 za kaboni hujitwika gramu 32 za oksijeni kutoka hewani, na dizeli ni kaboni kwa karibu asilimia 87. Hakuna matone ya chupani yanayoiondoa humo. Kama dawa inapunguza kaboni kwa asilimia 40, basi hata mafuta mnayonunua yangepungua kwa asilimia 40. Je, risiti zenu zinasema hivyo? Fundi apime tangi kabla na baada, kwa safari ileile, shehena ileile na kasi ileile. Muuzaji atakuja na sababu zake: bahari ilichafuka, injini haijaizoea dawa. Haya, na iizoee kwa pesa zake yeye.

Biodizeli ni jambo la kweli, ila nayo haieleweki. Bombani hutoa kaboni dioksidi karibu sawa na dizeli. Nafuu yake iko kwenye chanzo: mmea uliivuta kaboni hiyo kutoka hewani juzijuzi, na mafuta yaliyokwisha kukaangia hayahitaji shamba jipya. Ndiyo maana hesabu huanzia yanakotoka mafuta hadi yanapoungua. Bila cheti cha chanzo kinachokubalika, mteja wenu ataihesabu kama dizeli tu. Wenzetu wa Ulaya wamekwisha kutilia shaka shehena zilizoitwa mafuta yaliyotumika, wakihofia kuwa ni mawese mapya yaliyobadilishwa jina.

Hiyo bei nafuu ndiyo inayonitia wasiwasi. Mafuta ya vibanda vya chipsi yaliyochujwa kwa kitambaa si biodizeli, hata yang'ae kama chai ya rangi. Ni lazima yachanganywe na methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, na kichocheo, glisarini itolewe, kisha maji yaondolewe. Yasipopitia hapo huwa mazito kama mara kumi kuliko dizeli, nayo hugandia kwenye injekta, vile vipulizio vya mafuta ndani ya injini. Hata biodizeli halisi hunyonya maji, bakteria huota pale maji yanapokutana na mafuta, na uchafu wa miaka mingi hubanduka tangini. Ukifungua filta unakuta ute wa kahawia unaoteleza vidoleni. Injini ikizimika katika mkondo wa Pemba, nahodha hatasaidiwa na brosha.

Mkitaka kujaribu, anzeni na mchanganyiko wa asilimia 20 hadi 30, mtengenezaji wa injini akiwa amekubali kwa maandishi. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa mafuta ya meli, ISO 8217 cha mwaka 2024, kinaitambua biodizeli. Daini cheti cha maabara kinacholingana nacho. Safisheni tangi, kagueni sili za mpira, wekeni filta za akiba, na msiyalaze mafuta hayo tangini kwa miezi mingi. Kabla ya hayo yote, punguzeni kasi: ikishuka kwa asilimia 10, mafuta ya injini kuu kwa safari ileile hupungua kwa karibu asilimia 20. Hilo halina muuzaji, ndiyo maana hamjalisikia.

Wenye meli kubwa nao hudanganyika. Tangu Laura Mærsk, meli ya makontena inayotumia methanoli, ianze kazi mwaka 2023, kila mtu anataka methanoli. Methanoli nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe. Ukihesabu toka chanzo, haiizidi dizeli kwa usafi, na ya makaa ni mbaya zaidi. Kwa uzito ina chini ya nusu ya nishati ya dizeli, na mvuke wake hushika moto kwenye nyuzi joto 12 hivi, wakati kanuni za meli kwa kawaida hutaka mafuta ambayo mvuke wake haushiki moto chini ya nyuzi 60. Haimiminwi tu kwenye tangi la zamani.

Wauzaji pia hutumia sheria kuwatisha watu. Kanuni ya mafuta ya meli ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Januari 2025, inahusu meli za zaidi ya tani 5,000 za ujazo zinazotia nanga kwao, si hizi zenu. Mpango wa kupunguza kaboni ya meli wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, nao uliahirishwa kwa mwaka mzima mnamo Oktoba 2025. Anayewahimiza mnunue wiki hii kabla sheria haijawakuta, mwambieni awaonyeshe kifungu.