Siasa na falsafa pamoja? Yasome yote mawili

Mdogo wangu wa Arua, umeuliza kama usome siasa na falsafa kwa pamoja chuoni, maana baba anasema falsafa haileti chakula mezani na anakutaka usome sheria. Mimi nilisoma yote mawili, na ningekuwa wewe nisingeacha hata moja.

Chukua kesi ya Matovu ya mwaka 1966 nchini Uganda, ya mtu aliyepinga kuwekwa kizuizini. Kiongozi wa nchi, Milton Obote, alikuwa ameifuta katiba ya 1962, na Mahakama Kuu ikabidi iamue kama katiba mpya ni halali. Majaji wakaegemea nadharia ya Hans Kelsen, mwanafalsafa wa sheria wa Austria: mapinduzi yakifaulu, huzaa utaratibu mpya wa kisheria. Somo la siasa litakueleza nani alishika jeshi siku zile. Falsafa itakuuliza: kushinda kunageukaje kuwa haki? Swali hilo bado linaniumiza kichwa.

Kazi ni nzito, sikufichi. Insha yangu ya kwanza ilirudi neno "haki" limezungushiwa wino mwekundu mara tatu, na pembeni swali moja tu: "Ipi?" Niliiandika upya usiku kucha. Mpaka leo, nikiandika ripoti kazini, najiuliza hivyo hivyo.

Kabla ya kujaza fomu, nenda Makerere ukaulize idarani ni mchanganyiko gani unaruhusiwa ndani ya shahada moja; usitegemee maneno ya mitaani. Na baba mweleze kwa upole kwamba sheria unaweza kuisoma baadaye, ukiwa tayari na shahada ya kwanza mkononi.